Kitufe cha Mheshimiwa Mkuu

Iko nchi moja ambayo sitaitaja jina, maana wenyeji wake wataitambua bila msaada wangu, na wageni hawataamini kwamba ipo. Ni nchi ya watu wapole wanaopenda sherehe na kuwaheshimu wakubwa. Ina sheria moja ambayo haijaandikwa popote, na hakuna anayethubutu kuivunja: kitu cha umma hakipo mpaka kizinduliwe. Barabara inaweza kuwa imekamilika, lami imekauka na mistari myeupe imepakwa, lakini mpaka Mheshimiwa Mkuu afike kukata utepe, magari yatapita vichakani kandokando yake na madereva wataitazama kwa adabu. Huko kaskazini kipo choo cha shule kilichosubiri uzinduzi hadi wanafunzi waliochimba msingi wake wakamaliza masomo, wakaoa, wakaleta watoto wao kuandikishwa. Hakuna aliyenung'unika. Walielewa kwamba ratiba ya Mheshimiwa Mkuu ilikuwa imebana.

Katika nchi hiyo alikuwapo Hemedi Pazi, Mtaalamu Mwandamizi wa TEHAMA katika Wizara ya Afya na Shamrashamra. Zamani zilikuwa wizara mbili. Ziliunganishwa ili kubana matumizi, na shamrashamra wakapewa jengo, afya wakapewa ghorofa ya juu kabisa ambako lifti haifiki. Huko ndiko Hemedi alikokuwa akifanya kazi, katika chumba cha seva, yaani zile mashine kubwa zinazobeba kumbukumbu zote za wizara na kuvuma mchana kutwa. Mashine hizo hazipendi joto hata kidogo, kwa hiyo chumba kilikuwa na kiyoyozi kikubwa kuliko vyote wizarani. Watu wa chini walitokwa jasho wakiwa na mashati ya mikono mifupi, na Hemedi akashuka ngazi amevaa sweta, wakasema ana homa.

Cheo chake kilikuwa kirefu, lakini watu walimwita fundi. Akiitwa kwamba printa imegoma, alikuta haina karatasi. Siku moja Katibu Muhtasi wa Waziri alimpigia simu akilia kwamba kompyuta imekufa na hotuba ya Waziri imo ndani. Hemedi alishuka, akachomeka waya ukutani, kompyuta ikafufuka, akaombewa dua ndefu pamoja na kizazi chake chote.

Hayo yote aliyafanya kwa roho nyeupe, kwa sababu alikuwa na jambo lake moja moyoni. Dada yake, Sikudhani, alifariki wodini akijifungua, kwa kukosa damu. Damu ya kundi lake ilikuwapo, imelala kwenye friji ya hospitali iliyo ng'ambo ya barabara, ila hakuna aliyejua. Hemedi alikuwa kwenye korido. Angeweza kuvuka barabara ile kwa miguu akarudi nayo mkononi, kama mtu anayetumwa maziwa dukani. Wazo hilo halikumwacha tena, na kutokana nalo akatengeneza Mfumo wa Damu, ambao kupitia kwake muuguzi yeyote mahali popote nchini angeuliza damu ya kundi fulani iko wapi, akajibiwa hapohapo.

Akaujaribu kimyakimya, bila kumtangazia mtu. Ukafanya kazi. Muuguzi mmoja wa zahanati ya mbali, Mama Tarsila, alimpigia simu bila shida yoyote, ila kumwambia kwamba yule mama wa jana, aliyepatiwa damu kwa mfumo, ameamka na anadai uji. Hemedi alijifungia chooni akalia kidogo, kisha akarudi kazini.

*

Mkurugenzi wake aliitwa Gervas Nyoni, na walikuwa chanda na pete tangu chuoni. Walikaa chumba kimoja, wakala sahani moja, na siku ya usaili wa wizara walikuwa na koti moja la suti kwa watu wawili. Hemedi aliingia nalo kwanza, akatoka, akalivua kwenye korido akamvisha Gervas na kumfuta vumbi mabegani. Waliokuwa wakisaili waliona koti limemkaa Gervas vizuri zaidi, wakampa ukurugenzi. Hemedi hakuwa na kinyongo. Sikudhani alipofariki, Gervas ndiye aliyelibeba jeneza upande wa mbele, na ndiye aliyekaa na Hemedi matanga yote, akilala chini kwenye mkeka, huku mkewe, Leokadia, akiwapikia.

Huyo ndiye aliyepanda ngazi siku moja akihema, akasimama mlangoni mwa chumba cha seva.

"Kaka, nasikia mfumo wako unafanya kazi."

"Vizuri sana," akasema Hemedi.

"Hapo ndipo penye tatizo. Haujazinduliwa."

Hemedi akadhani anataniwa. Gervas akamweleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni. Mheshimiwa Mkuu hawezi kuzindua kitu ambacho tayari kinafanya kazi, maana itaonekana amechelewa, na Mheshimiwa Mkuu hachelewi, ila mambo ndiyo yanayowahi. Mfumo uzimwe, itafutwe siku atakayokuwa na nafasi, aje auwashe.

"Na wagonjwa?"

"Wasubiri kidogo. Wamesubiri tangu enzi za mababu."

Hemedi akamkatalia mchana kutwa. Kesho yake ikaja barua iliyogongwa mihuri, naye akauzima kwa mkono wake mwenyewe. Wauguzi wakapiga simu, akawajibu alivyoelekezwa kujibu: mfumo upo katika maandalizi ya kuanza kuwapo. Mama Tarsila akakata simu.

Ratiba ikabana, ikalegea, ikabana tena. Hatimaye ikapatikana siku, na Gervas akarudi juu na shida nyingine. Washauri walikuwa wamemwambia Mheshimiwa Mkuu kwamba utepe umepitwa na wakati, na kwamba mambo ya teknolojia huzinduliwa kwa kubonyeza kitufe.

"Nitengenezee kitufe," akasema.

"Gervas, mfumo huu hauwashwi kwa kitufe. Mashine zinaamka polepole, moja baada ya nyingine. Wewe unajua."

"Najua. Wewe tengeneza tu kisanduku, kiwe na kitufe chekundu na taa. Akibonyeza, taa iwake, watu wapige makofi, waende wakale. Wewe uwe umeshaziamsha mashine zako tangu asubuhi."

"Huo ni uongo."

"Ni mapambo. Sherehe zikiisha nitawaeleza wenyewe kwamba yalikuwa mapambo. Neno langu, kaka. Nimewahi kukuangusha?"

Hemedi akafikiri, akaona kweli hajawahi. Tena aliwafikiria wanawake waliokuwa wodini wakati huo, akaona kisanduku si kitu. Akatengeneza cha mbao, akakipaka rangi ya bendera, akaweka kitufe cha kengele ya mlangoni na balbu ndogo, na kwa kuwa wizara haina fungu la betri, akachomoa za tochi yake ya nyumbani.

*

Siku ilipofika, ngoma zililia na viti vikapangwa kwa vyeo. Mheshimiwa Mkuu alipanda jukwaani, akakohoa, vipaza sauti vikakohoa naye.

"Ndugu wananchi," akasema, "tangu dunia iumbwe, damu imekuwa ikizunguka ndani ya miili ya watu bila usimamizi wowote. Inapanda, inashuka, inageuka inavyotaka. Serikali zilizopita zililiona jambo hili zikalifumbia macho. Leo nasema basi."

Akabonyeza. Taa ikawaka. Watu wakashangilia hadi njiwa wa paa la wizara wakahama. Mheshimiwa Mkuu akakitazama kitufe kwa upendo, akabonyeza tena, taa ikawaka tena. Akabonyeza mara nyingi mfululizo, akicheka kama mtoto, na kila mara umati ulishangilia upya. Nyuma ya pazia Hemedi alikuwa akitazama kwenye kompyuta yake damu ikitafutwa na kupatikana katika wilaya za mbali, kwani mfumo ulikuwa hai tangu alfajiri. Alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa.

Kisha Mheshimiwa Mkuu akatoa tamko. Kitufe kile ndicho moyo wa mfumo, na kitunzwe kwa hadhi ya moyo. Haikupita muda, kikajengewa kibanda cha vioo kwenye ukumbi wa chini, kikawekewa zulia, kikapewa walinzi wenye kofia za manyoya. Wataalamu wa itifaki wakasema moyo hauwezi kukaa kwenye joto. Wakaulizia kiyoyozi kikubwa kuliko vyote wizarani kiko wapi, wakaambiwa kiko juu kabisa, kinapoza mashine fulani za fundi. Wakapanda na bisibisi.

Hemedi akashuka ngazi akikimbia. Alimkuta Gervas ofisini.

"Wamekitoa kiyoyozi. Zile mashine zitakufa, Gervas. Uliniahidi utasema."

"Nitasema, kaka. Ila mkubwa bado yuko kwenye furaha yake. Mtu akiwa anakula huwezi kumnyang'anya sahani. Nipe muda."

Akampa muda, kwa kuwa alimpenda. Akaleta feni kutoka nyumbani kwake, akaazima nyingine kwa majirani, akafungua madirisha, akaloweka mashuka na kuyatundika. Yule aliyekuwa akivaa sweta sasa alifanya kazi na fulana, na maji yakimtiririka mgongoni. Akimkumbusha Gervas, Gervas alisema wiki ijayo. Wakikutana kwenye ngazi, Gervas alikuwa na simu sikioni, hata siku ambayo simu yenyewe ilianza kuita ikiwa pale pale sikioni.

*

Kiangazi kikaingia, na mchana mmoja wa jua kali mashine zikazimika. Nchi nzima muuguzi akiuliza damu, hajibiwi. Serikali haikulala. Iliunda Tume ya Kuchunguza Kitufe.

Mwenyekiti wake alikuwa Profesa Bwenzi, msomi wa fasihi ya pongezi. Wajumbe walikizunguka kile kisanduku, wakakigonga, wakakisikiliza kwa kifaa cha daktari. Wakabonyeza, na taa haikuwaka, kwa kuwa betri zilikuwa zimekwisha nguvu. Wakatazamana kwa huzuni. Ikawa wazi kwao kwamba moyo umesimama, na kwamba lazima apatikane mhusika. Katika nchi hiyo jambo likiharibika hatafutwi anayeweza kulitengeneza. Hutafutwa mhusika, na akishapatikana, jambo huhesabiwa kuwa limetengenezwa.

Wakamwita Hemedi.

"Kitufe hiki umekitengeneza wewe?" akauliza Profesa.

"Mimi, Mwenyekiti. Lakini hakifanyi kazi yoyote. Kinawasha balbu tu. Mfumo uko juu, kwenye mashine, na umeuawa na joto. Nirudishieni kiyoyozi, zipo mashine ninazoweza kuziokoa. Naomba sana. Kuna watu wanakufa."

 Profesa akavua miwani.

"Unasema hakifanyi kazi yoyote. Hebu tusaidie. Mheshimiwa Mkuu, siku ile, mbele ya taifa na mabalozi, alikuwa akibonyeza nini?"

"Kengele ya mlangoni," akasema Hemedi, na mjumbe mmoja akaangusha kalamu. "Mwulizeni Mkurugenzi. Anajua kila kitu. Yeye ndiye aliyeniomba."

Gervas akaletwa. Alikuwa amevaa koti zuri, na Hemedi alipomwona alihisi mzigo unamshuka, kama vile siku ya usaili walivyopishana mlangoni. Akamtazama usoni. Gervas akatazama maua ya mezani.

"Ninachojua mimi," akasema Gervas, "ni kwamba siku ya uzinduzi kitufe kilikuwa kizima, na taifa zima liliona. Aliyekuwa na uwezo wa kukifungua ni mtaalamu peke yake." Akanyoosha koti lake. "Ningeomba Tume imhurumie. Tangu afiwe na dada yake, hayuko sawa. Sisi tulio karibu naye tunajua."

Hemedi alikuwa amejiandaa kwa mengi, lakini si kwa hilo. Kukanwa angevumilia. Kusingiziwa angevumilia. Ila Sikudhani kutolewa kaburini na mtu aliyebeba jeneza lake, akatumiwa kama ngazi ya kupandia, hilo lilimkata maini. Alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Tume iliandika kwamba mhusika amekosa la kusema.

Hukumu ilikuwa ya huruma, kama alivyoomba Gervas. Hemedi hakufukuzwa. Aliteuliwa kuwa Mtaalamu Mwandamizi wa Kitufe, kazi yake kukaa ndani ya kibanda cha vioo, kukifuta vumbi na kuhakikisha taa inawaka. Aliweka betri mpya, taa ikawaka, na redio ya taifa ikatangaza kwamba mfumo umerejea katika ubora wake. Chumba cha juu kiligeuzwa stoo ya viti vya sherehe. Gervas akapandishwa cheo kuwa Naibu Katibu Mkuu. Hemedi akavaa tena sweta, kwa kuwa kiyoyozi kilikuwa kikimpuliza kichwani kutwa nzima, na wauguzi waliokuwa wakimpigia simu wakaacha.

*

Mchana mmoja Gervas aliingia ukumbini akikimbia, shati limechomoka, kiatu kimoja hakina kamba. Aliwapita walinzi, akaingia kibandani, wala hakumsalimu Hemedi. Akabonyeza kitufe. Taa ikawaka. Akabonyeza tena.

"Gervas," akasema Hemedi.

"Leokadia amejifungua. Damu haikatiki. Hospitali hawana kundi lake, hawajui iko wapi." Akabonyeza tena.

"Gervas, kisanduku hiki nimekitengeneza mbele ya macho yako."

"Najua," akasema, na akabonyeza tena, na machozi yakamdondokea juu ya rangi za bendera.

Mwanadamu ana moyo, na wa Hemedi ulisema mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza silirudii hapa. La pili lilikuwa kwamba Leokadia ni shemeji yake, alimpikia siku za matanga, na hakuhusika na lolote. Akatoa simu yake, akaketi juu ya zulia, akaanza kuwapigia wauguzi mmoja mmoja, kwa majina, jinsi mtu anavyotafuta mbuzi aliyepotea. Wengine hawakupokea. Wengine walisikia sauti yake wakakata. Gervas alikuwa amechuchumaa pembeni, ameshika pindo la sweta lake.

Mama Tarsila alipokea.

"Nani huyu? Wewe wa maandalizi ya kuanza kuwapo?"

"Mimi, mama. Nisamehe. Kuna mzazi anatokwa na damu, ni shemeji yangu."

Mama Tarsila hakusema neno zaidi ya kuuliza kundi gani. Alikwenda kwenye friji, akarudi, akasema ipo, na kwamba pikipiki ya zahanati inaondoka sasa hivi.

Leokadia akapona, na mtoto pia. Gervas alirudi kibandani akapiga magoti juu ya zulia, akamshika Hemedi mikono yote miwili.

"Kaka, nimekutenda. Hata Mungu ameona. Mheshimiwa Mkuu anakuja kwenye sherehe ya kumbukumbu ya kitufe, na mimi ndiye msemaji. Nitasema mbele yake. Wewe chomoa betri asubuhi ile. Nikishasema, abonyeze, aone mwenyewe. Kiyoyozi kitarudi juu, na wewe pia."

Hemedi akamtazama. Aliona sura ya yule kijana aliyelala kwenye mkeka wa matanga. Akamwamini. Unaweza kumcheka, msomaji, lakini wewe hukuwahi kuvaa koti moja na Gervas.

*

Ngoma zikalia, viti vikashushwa kutoka chumba cha juu na kupangwa kwa vyeo. Hemedi alisimama kando ya kitufe, na betri ziko mfukoni mwa suruali yake. Gervas akapanda jukwaani. Akamtazama Mheshimiwa Mkuu, ambaye alikuwa akimtabasamia na kukichezesha kidole chake cha kubonyezea.

"Mheshimiwa Mkuu," akaanza Gervas, "nimesimama hapa kusema ukweli."

Hemedi akafumba macho.

"Ukweli ni kwamba mke wangu alikuwa anakufa. Nikaja hapa, nikabonyeza kwa mkono wangu huu, na taa ikawaka. Leo mke wangu yupo nyumbani na mtoto wetu. Mimi ni shahidi hai wa kitufe hiki, na mtoto huyo, kwa ruhusa yako, tumempa jina lako."

Makofi yalipotulia, Mheshimiwa Mkuu aliinuka akifuta machozi. Akaingia kibandani, akainua kidole, akabonyeza.

Taa haikuwaka.

 Mheshimiwa Mkuu akabonyeza tena, na kidole kikabaki hewani, na kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile uso wake ulionekana kuuliza kitu. Mabalozi walitazama viatu vyao. Profesa Bwenzi akavua miwani. Hemedi akamgeukia Gervas, na Gervas akamtazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ya Tume, akamtazama sawasawa, bila kupepesa.

Kisha Gervas akaanza kupiga makofi.

"Imewaka," akasema kwenye kipaza sauti.

"Imewaka," akasema Profesa, akivaa miwani.

Walinzi wakasema imewaka. Mabalozi, kwa kuwa ni wageni, wakasema kwa lugha zao. Mheshimiwa Mkuu akabonyeza tena, na wenye viti vya mbele wakakinga macho kwa mikono, wakilalamika kwamba safari hii mwanga umezidi.

Hemedi akatoka kwa mlango wa mbele. Hakuna aliyemzuia, maana walinzi walikuwa wamegeukia kitufe. Jua lilikuwa kali nje, akavua sweta. Akatia mkono mfukoni, akazikuta betri, akaenda nazo nyumbani kuzitia kwenye tochi yake.